Ngamia Mstaafu na Mama Yangu

Mume wangu alinipigia simu nikiwa darasani, jambo ambalo si kawaida yake. Yeye ni daktari wa mifugo, na kazi humpeleka Wajir, Elwak na kwingine ambako mtandao hushika na kuachia. Nilidhani kuna msiba. Nikawaachia wanafunzi zoezi la kuandika, nikatoka nje na kusimama kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Ukifika nyumbani, fungua lango pande zote mbili," akasema. "Nakuja na mgeni."

"Mgeni gani wa kufunguliwa lango pande zote mbili?"

"Mrefu," akasema, na simu ikakatika.

Alasiri kanta, lile lori dogo la mizigo, ikaingia uani kwetu ikirudi kinyumenyume. Juu yake, shingo ikiwa imepita kichwa cha gari, alikuwemo ngamia dume aliyehasiwa, mwekundu wa udongo wa Wajir, mbavu nyembamba, miguu mirefu kama iliyoazimwa kwa mnyama mwingine. Alikuwa amefungwa magoti kwa kamba ili asisimame njiani. Macho yake yalikuwa makubwa, na kope zake binti yangu mkubwa alizionea wivu papo hapo. Mdogo alijificha nyuma ya gauni langu la dirii akichungulia kwa jicho moja.

"Huyu ni wa nini?" nikamuuliza mume wangu aliporuka chini, mavumbi yamemjaa hata masikioni.

"Ni wetu."

Alikuwa ngamia wa mashindano. Kwa miaka mingi mume wangu alikuwa akiitwa kuwakagua ngamia kabla ya mbio, na huyu alimjua tangu akiwa kijana. Alikuwa ameshinda mara nyingi, mpaka watu wa mji wakawa wanamtaja kama wanavyotaja mchezaji mpira. Kisha kano ya mguu wa mbele ikaumia, ikatibiwa, ikaumia tena. Mwenye ngamia hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kile ambacho wafugaji wote husema: ngamia asiyezaa, asiyebeba na asiyekimbia ni nyama. Alikuwa amekwisha kuongea na mchinjaji.

"Nilikwenda kuutazama mguu," mume wangu akanieleza tukiwa jikoni, akinywa chai amesimama. "Ngamia wengine nikiwatibu hunitemea mate. Huyu hunilazia kichwa begani. Basi nikajikuta nimesema, nipe mimi."

Nimeishi na mtu huyu miaka mingi. Hajawahi kuomba kitu mbele yangu, hata chumvi mezani. Nikamwongezea chai.

Aliyejibu alikuwa mama yangu. Namwita hooyo, yaani mama kwa Kisomali, naye huniita mimi hooyo vilevile, maana kwetu mama humrudishia mtoto jina lile lile analoitwa na mtoto. Alikuwa ameketi barazani kwenye kigoda chake wakati kanta inaingia. Aliutazama mzigo wa gari kitambo kidogo. Kisha akainuka, akakigeuza kigoda, akaketi tena uso ukiwa umeelekea ukutani.

Sisi watu wazima tulielewa. Mama alikuwa mtu wa ngamia maisha yake yote, upande wa Balambala. Ulipokuja ukame ule mrefu, misimu ya mvua ikapita mmoja baada ya mwingine bila wingu la maana. Ng'ombe hufa kwanza, kisha kondoo, kisha mbuzi. Ngamia hufa wa mwisho, na ukishafika hapo huna tena cha kutumainia. Binamu yangu alimleta mama mjini kwa pikapu akiwa na bunda moja la nguo. Nyumbani kwetu alisali, alikula, aliwapaka wajukuu mafuta ya nywele, alicheka pale panapochekesha. Lakini neno ngamia halikutoka mdomoni mwake. Tukienda hospitali kwa tuktuk alimwambia dereva azungukie mbali, asipite barabara ya soko la mifugo. Dereva akiuliza kwa nini, alisema ile njia ina mashimo.

Basi ngamia akaingia nyumba ya mtu wa namna hiyo.

Ngamia wa mbio, tuligundua, hajui kuishi. Alijua kukimbia na kungoja. Tangu utotoni aliletewa majani yaliyokatwa, kwenye beseni, kwa saa yake. Ua wetu umezungushiwa mathenge, ile miti ya miiba iliyovamia kila pembe ya Garissa na ambayo ngamia yeyote wa kawaida angeishambulia kabla ya kusalimia. Huyu aliitazama, kisha akanitazama mimi, kisha akautazama mlango wa jikoni. Alikuwa akingoja beseni.

Wanangu walijitwika kazi ya kumfundisha. Walikata vitawi na kumsogezea, halafu wakakimbia wakipiga mayowe. Mdogo, alipoacha kuogopa, alisimama mbele yake akafungua kinywa na kutafuna hewa, taratibu, mataya yakienda upande huu na upande huu, ili ngamia aone namna inavyofanywa. Ngamia alimtazama kwa heshima kubwa. Kisha akala utepe wa nywele zake.

Aliogopa vitu ambavyo hatukuvitegemea: kuku, kamba ya nguo ikipepea, sura yake mwenyewe kwenye kioo cha dirisha. Na baada ya kuizoea ile sura, akaipenda. Asubuhi nikipika anjera, chapati zetu za maji, kidevu chake kilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha la jikoni, anapumua taratibu, na ile ya kwanza, ambayo siku zote huharibika, ikawa yake. Pikipiki ikipiga honi barabarani alishtuka na kuchapuka kando ya ua mpaka mwisho, kisha akasimama akitazama huku na kule kama mtu aliyefika mahali akasahau alichofuata. Mbio zake zilikuwa zikianzishwa kwa honi.

Jirani yangu anayeuza chai ni Mborana kutoka upande wa Wajir. Kisomali changu na Kiborana chake haviingiliani vizuri, kwa hiyo lugha yetu ni Kiswahili cha sokoni. Siku moja akasimama ukutani ameshika kipande kilicholowa cha ushungi wake.

"Mwalimu! Ngamia yako imekula shiraa yangu!"

"Pole sana, dada. Nitakununulia nyingine."

"Nunua, sawa." Akamtazama ngamia kutoka nyayo mpaka nundu. "Hii inafanya kazi gani? Inabeba maji?"

"Habebi."

"Maziwa?"

"Ni dume, dada. Hafanyi kazi. Alikuwa wa mashindano, sasa amestaafu."

"Amestaafu!" Akashika kiuno akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Na bensheni analipwa?"

Kuanzia siku hiyo bula nzima, mtaa wetu wote, ilimwita Mstaafu. Jina lake la mbio, alilopewa na matajiri wa Wajir, hatukulitumia tena. Jirani naye akawa akirusha maganda ya ndizi juu ya ukuta kila jioni, akisema ni bensheni.

Jambo moja tu halikutulia. Jua likikaribia kuzama, saa ambayo mifugo hurudi nyumbani mahali popote penye mifugo, Mstaafu alinyanyua shingo na kutoa sauti nzito, ndefu, kama mlango mkubwa unaofunguliwa pole pole. Alitembea kando ya ua huku na huku akiita. Mume wangu alimpima joto, akamsikiliza tumbo, akamkagua meno. Hakuona ugonjwa.

"Labda ni mguu," nikasema.

"Si mguu." Sauti ilitoka chumbani kwa mama, nyuma ya pazia. Tukageuka sote. "Hana ugonjwa. Saa hii wenzake hurudi. Anaita, na hakuna anayemjibu."

Mume wangu akasogea karibu na mlango, akainamisha kichwa kama afanyavyo kila anapozungumza na mkwewe. "Tumfanyie nini, hooyo?"

"Nitajuaje mimi? Mimi sina ngamia."

Na mlango ukafungwa.

Lakini kesho yake jioni, nikianua nguo, nilisikia kitu. Kilitoka dirishani kwa mama, chini sana, kama mtu anayevuma bila kufungua midomo. Ni ule mwito wa wachungaji wanapokusanya kundi kwenda zizini. Nilikuwa sijausikia tangu nikiwa mtoto. Mstaafu aliacha kutembea. Akasogea ukutani, upande wa dirisha lile, akapiga magoti ya mbele, kisha ya nyuma, akatulia pale kwenye vumbi. Nilibeba nguo zangu nikaingia ndani. Hatukulizungumzia jambo hilo, wala mama hakulitaja, na kila jioni likawa hivyo: yeye ndani ameelekea ukuta, ngamia nje ameegemea ukuta ule ule.

Kisha ikaja siku ya michezo shuleni kwetu.

Shule iko karibu na nyumbani, kiasi kwamba kengele yake husikika jikoni. Tulikuwa tumefika kwenye mbio ndefu za wasichana. Mwalimu wa michezo, badala ya filimbi, alikuwa ameazima honi ya mkono, ile ya kupuliza. Akaipuliza. Wasichana wakatoka. Ndipo nilipoona vumbi upande wa nyumbani, nikakumbuka lango nililoliacha wazi.

Alikuja ameinyoosha shingo mbele, mgongo umetulia kabisa na miguu peke yake ndiyo inayofanya kazi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimemwona akitembea kama mzee mwenye viatu vya kubana. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa yeye. Uwanja mzima ulisimama. Aliwapita wasichana kwa mbali upande wa nje, hakumgusa hata mmoja, nao wakawa wanapiga kelele za furaha huku wakikimbia, na mmoja wao, binti mrefu wa darasa la nane, akaongeza mwendo kweli kweli akitaka kumfikia. Mstaafu alivuka mstari, akapunguza mwendo, akasimama. Akatazama kulia na kushoto. Alikuwa anangoja watu wake waje wamshike na kumpa maji.

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akaketi chini. Watoto walishangilia. Mimi nilikuwa nakimbia kuelekea kwake nimeshika dirii kwa mikono miwili, kwa sababu niliona kile ambacho wao hawakukiona: mguu wa mbele wa kushoto alikuwa ameunyanyua, na hakuurudisha chini.

Tulimfikisha nyumbani kwa shida kubwa, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika. Uani alijiangusha badala ya kupiga magoti. Mume wangu alirudi kutoka kazini jioni hiyo, akachuchumaa, akapapasa mguu kutoka juu mpaka chini. Alipofika nyuma ya kifundo ngamia alitoa sauti ambayo iliwafanya wanangu wazibe masikio.

Majirani wanaume walikuja, kama ilivyo desturi, wakatoa maoni yao kwa upole. Yote yalikuwa ya busara. Ngamia aliyelala chini asiyeweza kuinuka hupata vidonda, vidonda huoza, na mwisho wake ni mzoga usiofaa kuliwa. Afadhali achinjwe kwa jina la Mungu akiwa bado mzima, maskini wapate kula. Mume wangu aliwasikiliza mpaka mwisho. Yeye mwenyewe amewaambia wafugaji wengi maneno hayo hayo.

"Kweli," akasema. "Kesho asubuhi nitamwita mchinjaji." Kisha akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Asubuhi, kabla hajapiga simu, mlango wa mama ukafunguliwa. Alitoka amejifunga shuka yake kiunoni, kama anavyojifunga mwanamke anayekwenda kazini, akashuka ngazi za baraza akiwa ameshika ukuta kwa ajili ya magoti yake mabovu. Akavuka ua. Tangu ngamia aje hakuwahi kuukanyaga upande ule. Akasimama mbele yake, akaweka kiganja chini ya taya lake, kama unavyomshika mtoto unayetaka akutazame.

"Nani amesema achinjwe?"

"Ni mimi, hooyo," mume wangu akajibu. "Kano imechanika zaidi. Atahitaji kulala wiki nyingi, na akilala wiki nyingi..."

"Najua akilala inakuwaje." Hakumgeukia. "Wangu niliwachinja walipoanguka, kwa sababu majani hayakuwepo na maji hayakuwepo. Huyu majani anayo. Maji yapo, mto ule pale. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye. Kukaa tu. Hilo nalo litanishinda?"

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu akilia kwa mara ya pili maishani. Mara ya kwanza ilikuwa mazishi ya baba yake. Aligeuka akajifanya anatafuta mkoba wake wa dawa, na mkoba ulikuwa mbele ya miguu yake.

Ua wetu ukawa zahanati. Tuliagiza mchanga wa mtoni, ukaletwa kwa mikokoteni ya punda, tukaumwaga kivulini ukawa godoro nene ili ngozi yake isichubuke. Mume wangu aliufunga mguu kwa vibao na bendeji. Mama akasema amebana mno, yeye akasema hapana, wakabishana kwa adabu zote za mkwe na mkwewe, kila mmoja akimwita mwenzake kwa majina ya heshima, mpaka wakakubaliana kufungua kidogo juu na kuacha vile vile chini. Mara kadhaa kwa siku tulimsukuma alalie upande mwingine: mimi, mume wangu, wanangu, jirani wa chai, na mpita njia yeyote aliyekosa bahati ya kupita lango likiwa wazi. Jirani alisukuma kwa mgongo wake akilalamika, "Mstaafu, wewe unakula bensheni nzito!"

Mama alihamisha kigoda, akakiweka kando ya ngamia. Alihamisha na mkeka wake wa kusalia, na birika lake la udhu, na tasbihi. Alikaa pale tangu kifungua kinywa mpaka magharibi. Ni yeye aliyemfundisha kula. Alichukua tawi la mathenge, akang'oa miiba michache ya mwanzo kwa vidole vyake, akalishika kinyume ili majani yatangulie, akalivuta taratibu katikati ya midomo ya ngamia. Tawi likarudi bila jani hata moja. Akampa la pili bila kung'oa miiba. Mstaafu akatafuna, akasimamisha mataya, akafikiri, akaendelea.

"Alikuwa anajua," mama akamwambia binti yangu mdogo. "Alikuwa hajaulizwa tu."

Alisimama alasiri moja, wakati wa sala. Mama alikuwa amesujudu kwenye mkeka wake, nami nilikuwa barazani nasahihisha daftari. Nikaona nundu inainuka. Kwanza miguu ya nyuma, kama kawaida yao, mwili mzima ukainama mbele ukatetemeka, nikajua sasa ataanguka amwangukie mama. Sikuweza kupiga kelele, mtu yuko kwenye sala. Mguu wa mbele wa kulia ukanyooka. Kisha ule wa kushoto, ukiwa na vibao vyake, ukagusa mchanga, ukajaribu, ukakubali. Mama aliinuka kutoka sijda, akamaliza, wala hakuharakisha neno lolote. Alipogeuza uso kulia kutoa salamu, akakutana na miguu. Akageuza kushoto, akatoa salamu ya pili kama inavyotakiwa. Ndipo akainua macho polepole mpaka juu.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akamwambia ngamia, kwa sauti ya kukemea, "Umenisimamia juu ya mkeka wangu."

Hakukimbia tena. Alichechemea, na daktari wake alisema atachechemea daima. Lakini alitembea, na mama akaamua kwamba anayetembea lazima asikike. Asubuhi moja aliita tuktuk, akanichukua mimi, akamwambia dereva, "Soko la mifugo."

Dereva alikuwa yule yule wa siku zote. "Hooyo, ile njia ina mashimo," akasema.

"Pita polepole."

Kulikuwa na wazee wawili wanaouza kengele za mbao, zile za shingoni mwa ngamia. Mama alizitikisa moja baada ya nyingine karibu na sikio. Hii sauti yake ni ya mbuzi. Hii imepasuka ndani. Hii aliyeichonga alikuwa na haraka. Pembeni yetu ngamia walikuwa wengi, wanapanda na kushuka malori, wananguruma, wanatoa harufu yao ile. Nilimtazama usoni nikiogopa. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mikono yake iliendelea kutikisa kengele. Hatimaye alipata moja nzito, ya sauti ya chini. Akamwambia mzee, "Hii inasikika mpaka ng'ambo ya mto," kama mtu anayemshukuru kwa zawadi.

Baada ya hapo wakawa wanatoka kila alasiri, yeye mbele na fimbo, Mstaafu nyuma na kengele, wote wawili wakichechemea, mpaka kwenye migunga iliyo karibu na mto. Watu wa bula walizoea kuwaona. Siku moja aliisahau chupa yake ya maji, nikamfuata nayo. Nilipokaribia nilisikia anaongea, nikadhani amekutana na mtu. Nikasimama nyuma ya kichaka.

Alikuwa anamwambia ngamia habari za ngamia. Alikuwa ameketi chini, Mstaafu anachuma majani juu ya kichwa chake, naye anasema kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mgeni ukoo wa nyumba. Kulikuwa na yule mweupe mwenye masikio mafupi, mwizi wa chumvi. Kulikuwa na yule aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe, aliyeogopa mawingu mpaka uzeeni. Kulikuwa na mama yao wote, aliyetangulia mbele ya kundi bila kuongozwa, aliyejua kisima kilipo hata kama watu wamepotea. Kila mmoja alimtaja alivyokuwa, kisha akasema mahali alipoangukia: chini ya mti gani, karibu na njia ipi, saa gani ya siku. Yule mama yao alikuwa wa mwisho. Mama yangu alimlisha maboksi ya katoni yaliyolowekwa. Ngamia yule alikula kwa sababu mama ndiye aliyempa.

Sisi, watoto wake, hatukuwahi kuambiwa hata moja kati ya hayo. Hatukuwahi kuuliza, tuliona kuuliza ni kumchoma. Niliiweka chupa chini ya mti mahali atakapoiona, nikarudi nyumbani kwa njia nyingine. Mume wangu alipouona uso wangu aliuliza kuna nini. Nikamwambia, "Nashukuru ulisema nipe mimi." Hakuelewa, lakini alipokea.

Mvua zikaja, na safari hii zilikuja kweli. Mto ulifura, tope likafunga barabara, na lilipokauka nchi yote ilikuwa ya kijani ambacho wanangu hawakuwahi kukiona. Dada yake mama, habaryar wetu, akapiga simu kutoka Balambala. Alikuwa ameanza upya na ngamia wachache wachanga, zawadi za jamaa kama ilivyo desturi kumsaidia aliyefilisika. Wanatawanyika, alisema. Hawana mkubwa wa kumfuata.

Mama alifunga simu. Wakati wa chakula cha jioni akasema, "Nataka kwenda na Mstaafu."

"Kumsalimia habaryar?" nikauliza.

"Kukaa."

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Hooyo, ule mguu hauwezi kukimbia."

"Nani amemwomba akimbie? Wale watoto wanataka mtu mzima wa kutembea nyuma yake. Kutembea anajua."

"Na magoti yako?" nikasema.

"Magoti yangu yalianza kuuma nilipoanza kukaa."

Tulibishana kwa siku kadhaa, lakini tulikuwa tumeshindwa tangu siku ya kwanza. Kanta ile ile ikarudi uani. Wanangu walimkumbatia ngamia miguu, mmoja huku mmoja kule, na mdogo alilia kwa sauti mpaka jirani akaja na mfuko mzima wa maganda ya ndizi, bensheni ya mwezi, akasema, akafuta macho kwa ncha ya shiraa yake mpya. Mama aliketi mbele karibu na dereva, bunda la nguo magotini. Hakutazama nyuma. Nilikumbuka alivyokuja kwetu na bunda kama hilo, nikaona ni mtu mwingine.

Wakati wa likizo tulikwenda kuwaona. Tulimkuta mama amekonda, amekuwa mweusi, anatembea haraka kuliko mimi. Mstaafu alikuwa mbali kidogo, katikati ya ngamia wachanga waliomzunguka kama watoto wa shule wanavyomzunguka mwalimu wa zamu. Mume wangu alimwita. Aligeuza shingo, akatutazama kwa yale macho yake makubwa, akatutambua, hilo sina shaka nalo. Kisha akarudi kwenye mti wake akaendelea kuchuma.

Binti yangu mdogo aliumia, akamuuliza bibi yake. "Ayeyo, mbona haji?"

"Yuko kazini," mama akamjibu. "Ngoja wakae, atakuja."

Na kweli, wadogo walipokwisha kulala kivulini, alikuja akichechemea, akasimama katikati yetu kwa muda, akampulizia mtoto hewa ya joto kichwani. Kisha mmoja wa wale wachanga akanyanyua kichwa akalia, naye akaondoka.

Tulilala kwa habaryar. Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka na boma lilikuwa tupu, alama za miguu zikielekea upande wa jua. Nilikuwa nimetaka kumuaga mama kabla ya safari.

"Ametoka nao alfajiri," habaryar akaniambia, akinimiminia chai. "Amesema mwende salama. Na amesema mkija tena mlete sukari, ya huku imekwisha."